Nililala na Ngoma za Muheme Chamwino

Chumba nilishakilipia. Sh 30,000 kwa usiku mbili, nimetuma kwa simu siku nne kabla, na mwenye gesti akajibu, "Imefika dada, karibu sana." Nikashuka Chamwino Ijumaa saa moja usiku, upepo wa Julai unapeperusha vumbi mpaka unalitafuna, naambiwa chumba kina mtu. Hela je? "Njoo kesho tuongee." Hiyo kesho hakupokea simu, na mpaka naandika haya hajapokea. Elfu thelathini si hela ya kuachia hivihivi, hasa kwa mtu aliyekuja kusikiliza muziki wa Wagogo kwa nauli ya kuungaunga.

Nikakaa juu ya begi karibu na uwanja wa tamasha, baridi ya Dodoma inaniingia mifupani, ndipo akapita mama mmoja amejitwisha ngoma. Nikamwamkia kwa neno pekee la Kigogo nililokuwa nalo, "Mbukwenyi." Akasimama. Akasikiliza kisa changu mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, sisi tuko darasani, tumetandika mikeka. Ngoma hazing'ati."

Tulilala wanawake 12, ngoma zimeegemezwa ukutani. Muheme ni ngoma yenye kiuno chembamba katikati, na wapigaji wake ni wanawake, wakiishika kwa mapaja. Nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu. Alfajiri yule mama akawasha majani makavu, akaielekeza ngozi kwenye moto, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni. Akagonga tena. Ilipotoa mlio alioutaka akaiondoa upesi: "Ikizidi inapasuka." Kisha akanikabidhi ya pili, mimi mgeni wa jana usiku! Mikono ilinitetemeka.

Jumamosi ilipita kwa njuga, mabega na vumbi, vikundi vinapokezana. Viti havikutosha, na jua la mchana lilikuwa kali kuliko nilivyotarajia baada ya usiku ule wa baridi.

Ila kuna mzee wa marimba, kile kisanduku cha vyuma kinachopigwa kwa vidole; alikuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake. Nyumbani tulikuwa na kaseti ya marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Doduma aliyeipeleka marimba ya Wagogo mpaka Ulaya, na ndani yake kuna mkoromo fulani unaoifuata kila sauti. Miaka yote niliamini ni ubovu wa kaseti. Nikamweleza mzee. Akaigeuza marimba yake, akanionyesha kitundu kwenye kisanduku, kimezibwa na utando mweupe, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. "Nyumba ya buibui hiyo, mjukuu wangu." Akapiga, marimba ikakoroma. Akakandamiza utando kwa kidole, akapiga tena: sauti ikabaki kavu, imepungukiwa. Halafu akanionyesha vile vyuma. Vingine havipigwi kabisa. Vipo vya kuitikia tu. Jirani yake akiguswa, navyo vinatetemeka.

Jumapili sikumbuki mengi, maana mawazo yalishahamia kwetu Nzega. Babu alikuwa na zeze. Alipofariki hakuna aliyelitaka, nyuzi zikakatika, kijiti kikaliwa na mchwa, na kile kibuyu kikageuzwa chombo cha kuwekea mbegu za maboga. Sisi wajukuu tulijua nyimbo zote za redioni, na za babu hata moja hatukuishika. Inaniuma kuliko elfu thelathini ya gesti, kwa kuwa hii hakuna aliyenidhulumu. Tulikuwa tunamsikia kila jioni, tukamwacha.

Nikiwa kituoni nasubiri gari la Dodoma mjini nilimpigia mama. Kibuyu bado kipo? Kipo, juu ya dari, na mbegu zake ndani. Nikamwomba azihamishie kwenye ndoo, akifute vumbi, asikioshe kwa maji. Akaniuliza, "Unakitakia nini?" Nikamuuliza na mimi kama anakumbuka wimbo wowote wa babu. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuuimba palepale simuni, taratibu, akirudia maneno aliyoyakosea, mpaka salio likaniishia.