Masaa ya katikati: kozi ya huduma ya kwanza porini, Liwale

Sisi wafuga nyuki wa huku Liwale, mkoani Lindi, mizinga yetu iko mbali jamani, unaondoka alfajiri na pikipiki, unafika mahali unaiacha kwa mtu, afu unaingia msituni kwa miguu na mtandao unakata mapema sana. Mizinga ya kikundi chetu iko upande wa msitu wa Angai, ule msitu wa vijiji wenye zaidi ya hekta 130,000, kuna mininga, mipingo, miyombo, mianzi kwenye mabonde, na tembo wa upande wa Selous wanakatiza humo. Sasa mtu akiumia humo ndani mnafanyaje? Hilo swali nimekaa nalo muda mrefu, kwa hiyo niliposikia kuna kozi ya huduma ya kwanza ya porini inaletwa huku kwetu niliandikisha jina siku ileile na nikamsumbua mwenyekiti wa kikundi mpaka na wenzangu wakapata nafasi.

Huduma ya kwanza wengi tunayoijua ni ile ya mabango ya ofisini, funga kidonda, piga simu, subiri gari. Hii ya porini imejengwa kwenye jambo jingine kabisa: hakuna gari linalokuja. Wanaofundisha wanasema ukiwa zaidi ya saa moja kutoka kwenye hospitali basi we uko porini, hata kama unaona paa la nyumba ya mtu. Fani yenyewe imekua sana Marekani kwa watu wa kupanda milima na kuongoza safari, kuna shule kama NOLS iliyoanza mwaka 1965, na kozi ya msingi kwa kawaida ni masaa 16, ile ndefu ya waongoza safari inafika masaa 70 mpaka 80. Sisi tulipewa ya msingi ila walimu wakaichambua kwa mambo ya huku, nyuki, nyoka, kuanguka kwenye mti, panga, joto.

Kitu kilichonikaa ni kwamba kumshika mgonjwa zile dakika za mwanzo ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kazi kubwa ni yale masaa ya katikati, kuanzia umemziba damu mpaka unamkabidhi kwa mganga wa hospitali, na hayo masaa hakuna aliyewahi kutufundisha.

Naanza na nyuki maana ndo shughuli yetu. Sheria ya kwanza ya kozi nzima ni usikimbilie majeruhi kabla hujaangalia kilichomuumiza kama bado kipo, na kwa nyuki hii ni uhai na kifo. Nyuki akiuma anaacha harufu inayowaita wenzake, ndo maana ukimkung'uta mwenzio palepale chini ya mzinga mnaumwa wote wawili. Mtoe, mwende mbali, mpite kwenye vichaka, mkifika salama ndo mnaanza kukwangua miiba haraka, kwa kucha au kwa mgongo wa kisu, msikae kubishana ipi njia nzuri maana kinachotakiwa ni itoke upesi.

Halafu unamkazia macho. Uvimbe wa pale alipoumwa ni kawaida, hauna neno. Lakini akianza kuvimba midomo na ulimi, vipele mwili mzima, sauti inakwaruza, anapumua kwa shida, anatapika, kichwa kinazunguka, hapo mwili wenyewe umechachamaa dhidi ya sumu na anaweza kufa ndani ya muda mfupi sana. Na usijifariji kwamba fulani ni mrinaji wa miaka yote, ameumwa mara ngapi na hajawahi kupata shida, kwa sababu hali hii inaweza kumjia mtu aliyekuwa mzima miaka yote. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye paja kwa upande wa nje, na hiyo iko kwa mganga, kwa hiyo sisi tumekubaliana kwamba kabla ya msimu wa kurina mtu anaenda zahanati kuuliza kama ipo. Njiani mlaze, mnyanyue miguu, usimsimamishe ghafla, ila kama pumzi ndo inamsumbua muache akae. Na hata akipata nafuu msimwache aende kulala kwake, maana inaweza kurudi masaa kadhaa baadaye.

Nyoka ndo palichukua muda mrefu kuliko mada zote. Tulikuwa na babu mmoja pale, mtu anayeheshimika sana kijijini, ametibu watu wa nyoka tangu ujana wake, na mwalimu wetu, mama mmoja nesi, aliposema kamba ya kukaza mguu tuiache, babu akanyanyua mkono.

“Mwanangu, miye nimefunga kamba watu wengi na wako hai mpaka leo.”

“Ni kweli babu, sikatai,” nesi akamjibu, na alimjibu kwa adabu mpaka nikampenda, “lakini nyoka siyo kila akiuma anatia sumu. Wengine anawauma kavukavu tu. Hao wangepona hata bila kamba. Je wale wa kifutu, wale ambao mguu uliharibika, babu umewahi kuwaona?”

Babu akakaa kimya kidogo, akasema amewaona, mmoja mguu wake ulikatwa hospitali na yeye siku zote alijua ni sumu. Nesi akaeleza kwamba sumu ya kifutu inaozesha nyama, sasa ukikaza kamba unaifungia yote sehemu moja na damu safi haipiti, mguu unapigwa pande mbili. Kuchanja na wembe vilevile, unaongeza kidonda kwa mtu ambaye huenda damu yake haigandi tena. Kunyonya hakutoi sumu, na jiwe la nyoka halitoi kitu. Babu hakununa wala hakuondoka, aliuliza kwa hiyo tufanye nini, na mchana kutwa ndo alikuwa mtu wa kwanza kufunga mabanzi.

Kinachofanywa ni hivi. Ondoka pale nyoka alipo, usimfukuze umuue, hospitali hawahitaji umlete. Mlaze mgonjwa, mtulize, vua pete, bangili, viatu, kabla uvimbe haujapanda. Mguu au mkono ulioumwa ufungie mabanzi kama umevunjika, usitikisike. Chora kwa peni mpaka pale uvimbe ulipofika na uandike saa. Asitembee, abebwe. Kama mna uhakika ni koboko kuna kufunga bendeji pana mguu mzima, ya kubana wastani, kwa sababu sumu yake inakimbilia kwenye pumzi, ila kwa kifutu hapana, na kama hamjui ni nyoka gani basi mabanzi yanatosha na muanze safari. Mtu wa koboko muangalieni kope, zikianza kulegea jueni pumzi inafuata na mtu mmoja ajiandae kumpulizia, na kumpulizia kunaweza kwenda masaa. Swila akitema machoni ni maji tu, maji mengi, robo saa nzima, msiweke dawa ya majani.

Na pigeni simu kabla ya kuchagua njia! Dawa ya sumu ya nyoka haipo kila zahanati, kwa hiyo mkishapata mtandao ulizeni kwanza hospitali ya wilaya, kama hamna basi ni Nachingwea, au Ndanda, au Sokoine kule Lindi mjini, vinginevyo mtazunguka na mgonjwa huku saa zinaisha. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na makadirio yao ni kwamba wanakufa watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, wengi ni wakulima kama sisi. Mimi nikisoma namba hiyo naona mikorosho, naona mama anaokota korosho kwenye majani makavu na mikono mitupu.

Damu nayo. Panga likiteleza, kandamiza palepale kwa kitambaa safi na uzito wako wote, dakika kumi bila kufunua kuchungulia, hilo la kuchungulia ndo linaloharibu. Ikiwa inaruka na haisikii, kwenye mkono au mguu, hapo sasa ndo mahali pa kukaza: kipande kipana cha kanga, juu ya kidonda kama upana wa vidole vitatu, siyo kwenye goti lenyewe wala kiwiko, unazungushia kijiti mpaka damu ikate, unaandika saa, na hulegezi tena mpaka hospitali. Usitumie uzi wala waya, unakata nyama.

Machela tulitengeneza kwa mianzi miwili na magunia ya korosho, inashika vizuri kabisa. Walinilaza mimi tukatembea kwenye mchanga na makorongo. Nawaambia, mgonjwa anasikia kila kitu, nilisikia wanavyobishana njia, nilisikia mtu anasema “huyu mzito,” na hakuna aliyeniambia tunasimama au tunashuka, moyo unaruka kila wakiinama. Nilivyoshuka nilisema mbele ya wote kwamba mtu mmoja akae kichwani kazi yake iwe kuongea na mgonjwa tu, sasa tunashuka, sasa tunapumzika, nimekushika. Wakajaribu na mwingine na alitulia tofauti kabisa. Wabebaji ni sita, na wengine wa kupokezana, kwa sababu mikono inachoka kuliko mnavyodhani.

Na huyo wa kichwani ndo anaandika. Pumzi ngapi kwa dakika, mapigo mangapi, anajibu akiulizwa jina au haelewi, ngozi ina jasho baridi au kavu. Mgonjwa aliyetulia kila robo saa, aliye hoi kila dakika tano. Namba moja haina maana kubwa, ila ukiona mapigo yalikuwa 90, yakawa 104, yakawa 120, hiyo karatasi inamwambia mganga huenda kuna damu inavuja ndani kabla hajamgusa mtu. Mimi naona hili ndo somo kubwa kuliko yote na halihitaji hela, linahitaji mtu anayejua kuhesabu na kukaa karibu.

Huku kwetu masaa yenyewe yanaongezeka. Masika ikikolea, barabara ya Nachingwea na ile ya Nangurukuru zote zinakuwa tope, na Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya hata barabara kuu ya kwenda Dar ilikatika upande wa Kilwa.

Ndo maana nasema hii kozi wapewe bodaboda, nalisema hili kwa nguvu. Hao ndo ambulensi yetu. Mtu kaanguka mwembeni, mgongo unauma, hahisi miguu, anapakiwa mshikaki katikati ya watu wawili anakunjwa kwenye mashimo mpaka zahanati, na wanaofanya hivyo wanafanya kwa huruma kabisa, hakuna aliyewaambia kwamba huyo anatakiwa alale, kichwa kimeshikwa, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja. Nimeshaongea na kiongozi wa kijiwe cha hapa kwetu, amekubali, tatizo ni siku, kwa sababu msimu wa korosho hawalali. Tumepanga tukae baada ya minada, nesi amesema atakuja ikiwa tutamchangia mafuta, na babu amesema somo la nyoka atalifundisha yeye.