Arki ya lozi ilivyoniumbua mbele ya wakwe

Jamani nyie mnaosema "arki ni ladha tu, miminia", naombeni mkae kimya kidogo. Ramadhani iliyopita wakwe walikuja kufuturu kwangu hapa Tanga, nikataka maziwa ya lozi, lozi zenyewe robo kilo karibu elfu kumi, wifi akasema acha ushamba, chukua kichupa cha arki buku mbili tatu hivi, jagi moja tia vijiko viwili. Mie na kimbelembele changu nikatia vitatu, tena maziwa yanachemka! Harufu yote ikahamia kwa jirani, nikaona haijakolea, nikaongeza cha nne. Kuonja, uchungu mpaka ulimi unaganda. Nikatia sukari, nikatia hiliki, wapi. Baba mkwe kapiga funda moja, katulia, kaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona kama rangi ya viatu?" Nikajifanya naenda kuangalia sambusa.

Kumbe ile harufu ni kemikali inaitwa benzaldehaidi, wanaitoa kwenye kokwa za aprikoti au lozi chungu, au wanaitengeneza tu kiwandani. Lozi chungu zenyewe zina sianidi, ila arki ya kupikia sumu hiyo huwa imeshaondolewa kwa hiyo msianze kutishana, shida ni kwamba ile kitu ni ya matone, sio kinywaji. Halafu someni lebo! Arki ya vanila ile halisi, kwa sheria ya Marekani, alkoholi haipungui asilimia 35, yaani Konyagi hiyo, na kuna watu wanawaachia watoto kichupa wachezee. Cha kwangu nilikiokota kwenye pipa la taka nikasoma, propilini glaikoli na maji, pombe hamna, nikashusha pumzi, nisingekuwa na uso wa kumwambia mzee kafuturu na pombe.

Ijumaa iliyofuata nikawaita tena. Lozi kiganja kimoja tu, zimelala kwenye maji usiku kucha, nikamenya nikasaga nikachuja, maziwa yakapoa kabisa ndo nikachovya kijiti cha meno kwenye arki nikakorogea jagi zima. Kijiti! Nikaonja, nikachovya mara ya pili, basi, nikafunga kichupa nikakiweka juu ya kabati. Mzee alikunywa glasi tatu. Wifi akanifuata jikoni ananong'ona, umetia kiasi gani? Nikamwambia vijiko viwili wifi, kama ulivyonifundisha.