Chenso haikuwa mbovu, unoaji wangu ndio ulikuwa mbovu

Msimu mzima chenso yangu, msumeno wa mnyororo wa petroli, ilikata kwa kupinda. Naanza wima juu ya gogo, nikifika katikati baa (ule ubapa wa chuma unaobeba mnyororo) imeshaelemea kulia, nikikandamiza inajibana na mnyororo unasimama. Ushauri haukukosekana. Mmoja akasema baa imepinda, ninunue nyingine. Mwingine akasema injini ni ndogo, nichukue ya cc 70. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenikera hasa, akachomoa bisibisi mfukoni na kukaza ile skrubu ya kabureta yenye herufi H, "ili ipate nguvu".

Nianze na huyo wa tatu, maana dawa yake inaua. Skrubu ya H ndiyo inayopima petroli injini ikiwa kwenye resi ya juu. Ukiikaza, petroli inapungua, injini inatoa mlio mkali mwembamba, na kwa dakika chache unadhani kweli imepona. Lakini hii ni injini ya mipigo miwili: oili inayolainisha pistoni inakuja ndani ya petroli hiyohiyo. Umepunguza petroli, umepunguza na oili, na joto limepanda. Pistoni inakwaruza silinda, injini inanoki, na hapo gharama yake inakaribia ya chenso nyingine. Niliirudisha skrubu ilipokuwa kabla hata ya tangi kuisha.

Baa mpya niliinunua, sikatai. Ikapinda vilevile. Ndipo nikaacha kusikiliza na kuanza kupima.

Baa yenyewe inaweza kuwa na kosa, na kuijua ni rahisi. Ifungue, isimamishe kwa ukingo wake juu ya kioo au kitu kilichonyooka kabisa. Ikiegemea upande mmoja, kingo mbili za mfereji zimelika kwa kupishana na zinahitaji kusawazishwa kwa tupa bapa. Kisha weka mnyororo kwenye mfereji na uusukume kwa kidole kushoto na kulia: ukilala sana, mfereji umepanuka na baa hiyo imemaliza kazi. Yangu ya zamani ilikuwa salama kwa vipimo vyote viwili. Ndiyo maana mpya haikusaidia kitu.

Nikachukua kalipa, kile kipimo cha milimita chenye taya mbili, nikapima meno. Meno ya kulia yalikuwa na urefu wa karibu mm 8. Ya kushoto, mm 6 na nusu. Jibu lilikuwa hapo hapo, tangu mwanzo, mikononi mwangu mwenyewe. Upande wa kushoto mkono wangu haukukaa vizuri, nikawa naona haunoleki, basi naupiga tupa mara sita wakati wa kulia naupiga mara tatu. Mgongo wa jino umeteremka kuelekea nyuma, kwa hiyo kadiri unavyolifupisha ndivyo linavyozidi kuwa fupi kwenda juu pia. Jino fupi linauma kidogo, jino refu linauma sana, na baa inafuata wanaouma. Kushoto kumechoka, chenso inakwenda kulia. Hakuna uchawi.

Kurekebisha kulinichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya kuni siku ile. Unatafuta jino fupi kuliko yote kwenye mnyororo mzima, hilo ndilo linakuwa kipimo, na mengine yote unayashusha mpaka yalingane nalo. Inauma kutazama chuma kizuri kikiwa unga, lakini hakuna njia ya mkato. Sina jiliwa, kwa hiyo nilikata ufa kwenye kisiki, nikaichomeka baa humo na kuikaza kwa kabari ndogo ya mti. Imetulia kuliko jiliwa nyingi nilizoziona.

Halafu ule ujanja ninaojivunia: kalamu ya wino mzito. Nililipaka kila jino wino mweusi, sehemu ya juu na kwenye uso wa kukata. Ukipitisha tupa mara moja, wino unakuonyesha tupa imegusa wapi. Wino ukibaki karibu na ncha, tupa inapita chini mno au hujafika kwenye kona, na kona ndiyo inayokata kuni. Ukitoka juu ukabaki chini tu, umeishika tupa kwa kuinua. Unaendelea mpaka wino wote umetoka kwenye uso na ile ncha haing'ai tena ukiitazama kwenye mwanga. Ncha inayong'aa ni butu: mwanga unapata mahali pa kugonga. Ncha kali haina upana wa kurudisha mwanga.

Unene wa tupa hauchaguliwi kwa macho, unafuata hatua ya mnyororo, yaani nafasi kati ya riveti zake, inayotajwa kwa inchi. Mnyororo wa 3/8 mwembamba, ule wa chenso ndogo, unataka tupa ya mm 4.0. Wa .325 unataka mm 4.8. Wa 3/8 kamili unataka mm 5.2 au 5.5, kutegemea aliyeutengeneza. Huna uhakika ni upi? Pima kutoka riveti ya kwanza mpaka ya tatu, gawa kwa mbili: ukipata mm 8.25 ni .325, ukipata takriban 9.3 ni 3/8. Tupa ilale bapa, pembe nyuzi 30 kwa minyororo mingi ya kawaida, na sehemu moja ya tano ya unene wake ionekane juu ya jino. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua, rudi, sukuma tena. Kuivuta kurudi nyuma ikiwa imegusa chuma kunaiua tupa yenyewe. Mara tatu kila jino, kila unapojaza tangi, zinatosha kama hujagonga jiwe. Na hesabu! Tatu kushoto, tatu kulia.

Kuna kidomo mbele ya kila jino ambacho watu wengi hawakigusi miaka nenda rudi. Hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Kwa minyororo mingi kinatakiwa kuwa chini ya ncha ya jino kwa mm 0.65. Ukinoa mara nne au tano jino linashuka, kidomo kinabaki palepale, na unapata mnyororo unaokata nywele lakini kwenye gogo unatoa unga. Kishushe kwa tupa bapa ukitumia kile kibati chake cha kupimia. Usikishushe kwa kukadiria. Ukizidisha, mnyororo unang'ang'ania mti, chenso inaruka mkononi, na kurushwa nyuma, yaani baa kukurukia ghafla, kunakuwa rahisi zaidi.

Kipimo cha jumla kiko chini ya miguu yako. Mnyororo mkali unatoa maranda, vipande unavyoweza kuviokota kimoja kimoja. Ukiona unga na inabidi uegemee, zima, noa. Mchanga ndio mwuaji mkubwa: sekunde moja ya ncha kugusa udongo inafuta kazi yote ya tupa. Gogo lililolala chini nalikata robo tatu sehemu kadhaa, nalibingirisha, namalizia upande wa pili.

Sasa huyo wa cc 70. Kwa kuni na miti iliyoanguka, injini ya cc 45 hadi 50 na baa ya sentimita 40 inatosha karibu kila kitu. Baa hiyo inakata shina linalokaribia mara mbili ya urefu wake ukiingia pande zote mbili. Chenso kubwa inachosha mikono, na mikono iliyochoka ndiyo inayoshusha ncha kwenye mchanga. Unapochagua, usishangae nguvu tu. Angalia kama chujio la hewa linafunguka bila spana, kama skrubu ya kukazia mnyororo iko ubavuni na siyo mbele karibu na meno, kama breki ya mnyororo inanasa kwa kishindo. Kubwa kuliko yote: kama plagi, chujio na mnyororo wake vinapatikana bila kuagiza. Kwenye kitako cha baa kumechorwa urefu, hatua ya mnyororo, upana wa mfereji na idadi ya viungo vya kuendeshea, vile vinavyoingia ndani ya mfereji. Nakili namba hizo zote. Anayenunua mnyororo kwa urefu wa baa peke yake atarudi dukani.

Mafuta: mililita 100 za oili ya mipigo miwili kwa lita 5 za petroli, yaani 50 kwa 1, kama kitabu chake hakisemi tofauti. Kwa chupa yenye alama, siyo kwa kizibo. Tikisa kabla ya kujaza. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi siutumii kwenye chenso.

Oili ya mnyororo inaishi tangi lake peke yake, na unapaswa kuijaza kila unapojaza petroli. Ikiwa petroli imeisha na oili bado nusu, huenda oili haitoki vizuri. Elekeza ncha ya baa kwenye kitu cheupe, kwa umbali wa kiganja, piga resi: mstari wa matone utokee. Usipotokea, fungua baa usafishe kile kitundu cha oili na mfereji wote. Oili chakavu ya gari usiweke. Ni nyepesi, haishiki, na ina unga wa chuma ndani yake.

Ukaze wa mnyororo unafanywa baa ikiwa imeinuliwa ncha, nati zimelegezwa. Ugusane na baa chini, lakini uvutike kwa mkono bila kugoma. Mpya hulegea haraka, ukague baada ya dakika tano za kwanza. Ukiukaza ukiwa wa moto, ulegeze ukimaliza kazi, maana ukipoa hujivuta na kuumiza beringi.

Na chenso ikizima kila baada ya dakika chache, kabla ya kumwita fundi fungua kizibo cha petroli. Ukisikia hewa ikivutwa "fyuu" kisha ikawaka vizuri, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Ikikohoa ukipiga resi, anza na chujio la hewa, kisha chujio la petroli ndani ya tangi, kisha wavu wa eksozi, kisha plagi, mwanya wake mm 0.5. Kabureta ni wa mwisho. Mnyororo ukizunguka bila kugusa resi, sailensa (mzunguko wa injini bila resi) imepandishwa mno au springi ya klachi imekatika, na hapo hakuna kazi mpaka ipone.

Mti ulioanguka una hasira ndani yake. Shina lililoshikwa ncha zote mbili limebanwa juu na limevutika chini: kata juu theluthi moja, malizia kutoka chini. Lililoning'inia upande mmoja ni kinyume: theluthi kutoka chini, malizia juu. Mti ulioang'oka na mizizi yake, usimruhusu mtu kusimama kwenye shimo. Kisiki kikikatwa kinaweza kurudi wima kwa kishindo. Robo ya juu ya ncha ya baa isiguse kitu, hapo ndipo inapokurusha. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini.

Hata ukijua yote hayo, siku moja utabanwa. Usivute, usipige resi. Zima, fungua nati mbili za kifuniko, toa injini, uiache baa na mnyororo ndani ya gogo. Funga baa nyingine na mnyororo mwingine, kata sentimita 30 pembeni, gogo lifunguke. Kabari iwe ya plastiki au mti, kamwe si chuma. Mimi baa ya akiba ninayo: ni ileile niliyonunua bure, na mpaka sasa imeshaitoa mwenzake mara tatu.