Siku ya mwisho ya kutuma filamu yangu

Saa 11 alfajiri. Niliamka kabla ya simu kulia. Dirisha la shindano la filamu fupi za vijana lilikuwa linafungwa usiku saa 5:59, kwa hiyo nilianza kwa kusoma masharti upya. Filamu isizidi dakika 5, majina ya walioshiriki yakiwemo. Hilo "yakiwemo" nilikuwa nimelipita siku zote. Yangu ilikuwa na dakika 5 na sekunde 22.

Saa 1 asubuhi. Kwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kila sekunde, sekunde 22 ni fremu 528, na kila moja niliihangaikia.

Filamu inamwonyesha bibi akishona kifungo kwenye shati la marehemu babu. Ipo shoti moja, kipande kilichorekodiwa bila kukatizwa, ya uzi. Bibi analowesha ncha kwa ulimi, anaisokota kwa vidole viwili, analenga tundu la sindano, anakosa. Anakosa tena. Mara ya tatu uzi unapita. Sekunde 19 bila neno hata moja. Karibu kila aliyeiona aliniambia nikate hapo, eti hakuna kinachotokea.

Nikaikata. Nilipoitazama filamu yote, bibi alikuwa amegeuka mtu yeyote tu anayeshona. Nikairudisha.

Dada akaja na chai, akasimama nyuma yangu akatazama. "Mdogo wangu, hapo mwanzo unatueleza babu alikuwa nani. Si bibi anatuonyesha mwenyewe?" Maelezo hayo ni sauti yangu, sekunde 14, na niliyaandika kwa wiki nzima. Yakaondoka. Majina ya walioshiriki, yale ya mwishoni mwa filamu, nikayabana kutoka sekunde 12 hadi 4. Zikatimia 22.

Saa 4 asubuhi. Sauti ilinila muda wa saa nne. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopandashuka, na programu ya kuhariri hutaka kasi moja iliyotulia. Matokeo yake, kadiri filamu inavyosonga sauti inaachana na picha: mlango umeshafungwa ndipo unausikia. Nikazigeuza klipu zote ziwe na fremu 24 kamili kila sekunde, kisha nikapanga sauti upya kwa kufuata kofi la viganja nililopiga mbele ya kamera mwanzo wa kila shoti: mlio wake nikaulinganisha na picha ya viganja vikikutana. Anayeanza kurekodi asidharau kofi hilo.

Jingine lililoniokoa ni dakika moja ya chumba kitupu. Siku ya kurekodi niliwaomba wote wanyamaze nikachukua ukimya wenyewe. Kila chumba kina mvumo wake, na palipokatwa pasipowekwa mvumo huo, sikio linashtuka hata kama jicho halijaona kitu.

Saa 9 alasiri. Muziki. Awali niliweka wimbo unaojulikana, nikautoa. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili, ya aliyeutunga na ya mwenye rekodi, na waandaaji wanataka ruhusa zote kwa maandishi. Rafiki yangu alinipigia gitaa, tuni yake mwenyewe, akatia sahihi. Bibi naye alitia sahihi kukubali kuonekana, baada ya kutaka asomewe karatasi mara mbili.

Saa 12 jioni. Maandishi ya tafsiri chini ya picha: yasizidi mistari miwili, yakae muda wa kutosha msomaji kumaliza. Bibi haongei sana, nikamaliza upesi.

Saa 2 usiku. Nilitoa faili ya video ya MP4, picha ya pikseli 1920 kwa 1080, nikaitazama mwanzo hadi mwisho kabla ya kuipakia. Katikati kuna kitu kilipepesa. Nikarudi nyuma fremu kwa fremu, nikakuta fremu moja nyeusi imebaki kwenye kiungo cha shoti mbili, sehemu ya 24 ya sekunde. Ningeituma vile roho isingetulia. Nikaziba, nikatoa faili upya.

Saa 4:38 usiku. Namba ya ushiriki ikaingia kwenye barua pepe. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

Bibi alikuwa bado macho. Nikakaa kando ya kitanda chake, nikamwekea filamu kwenye simu. Hakusema kitu. Ilipofika shoti ya uzi, niliona kidole gumba chake na cha shahada vikisokotana taratibu juu ya shuka.