Karatasi ya daftari pale Ruaha Mbuyuni

Mshale wa joto ulianza kupanda tukiwa kwenye vilima vya Iyovi, nyuma ya semi mbili zilizokuwa zinajivuta kwa shida, na mimi nilishauona muda tu ila nikakaa kimya kwa sababu mama alikuwa na presha na tulikuwa tunaenda Iringa kwenye arobaini ya kaka yake. Ilikuwa Desemba 2015. Gari yenyewe Toyota Corolla 110, ya mwaka 1998, nilikuwa nimeinunua kwa mtu Dar miezi minne kabla, hela yangu yote ya kikoba ilikuwa imeingia humo.

Na sio kwamba sikujua ina shida. Ilishanichemshia mara mbili kwenye foleni ya Kimara, jioni, AC inawaka. Fundi wa kwanza akatoa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, akaitupa kwenye ndoo, akasema huku kwetu joto hiki kitu cha nini. Wa pili akazibua rejeta, akaipiga maji ndani mpaka yakatoka meupe, nikalipa. Bado. Wa tatu hakufungua hata boneti vizuri, akaniambia gasketi ya silinda hedi imekwenda, yaani ile inayoziba kati ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, na bloku, hedi ishushwe ikaskimiwe, isawazishwe, andaa laki nne. Sikuwa nayo. Nikajiambia safari ya asubuhi na mapema, barabara kuu upepo upo, tutafika. Na kweli Chalinze tulipita, Morogoro tulipita, zile kilomita 50 za mbugani Mikumi tukapita taratibu kabisa mama anahesabu twiga, mshale umetulia katikati. Ndio maana Iyovi ulivyoanza kunyanyuka roho iliniuma sana, nilishaanza kuiamini ile gari.

Nikazima AC, nikafungua vioo, nikawasha hita mpaka mwisho, kuna dereva mmoja alishawahi kunifundisha kwamba hita inavuta joto kutoka kwenye injini. Humo ndani palikuwa hapakaliki, nje penyewe jua la bonde la mibuyu, mama anajifuta kwa kitenge haongei. Mshale ukashuka kidogo. Tumefika Ruaha Mbuyuni pale kwenye vitunguu ndio mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti.

Vijana wanne walikuja mbio na maji, mmoja ameshashika kitambaa anataka afungue mfuniko wa rejeta. Hapo ndipo nilipomsikia mzee mmoja amekaa chini ya mti na sufuria la gia boksi limefunguliwa mbele yake, akapiga ukelele, "Wewe! Acha! Unataka kuungua uso?" Yule kijana akaacha. Maji ya humo yanakuwa yamebanwa na presha, ukilegeza tu mfuniko yanaruka yanachemka, mzee mwenyewe alikuwa na kovu mkononi kuanzia kiwiko mpaka kwenye kidole.

Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, mama akamwambia "Kamwene," salamu ya Kihehe, akajibu "Kamwene" na uso ukamfunguka kabisa, wakaulizana kwao wapi kama dakika tano nzima mimi nimesimama na gari inafuka. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, inachemsha saa ngapi?"

Sikumwelewa. Akarudia: ikiwa imesimama au inatembea? Tambarare au mlimani? AC ikiwaka au imezimwa? Maji unaongeza kila siku au mpaka ichemshe? Mafundi watatu Dar, hakuna hata mmoja aliyeniuliza hayo. Nikamwambia ikikimbia haina shida, tabu ni foleni na mlima, mwendo mdogo, na AC ndio inazidisha, na maji hayapungui mpaka ichemshe. Akatikisa kichwa, akasema tusubiri ipoe.

Tulisubiri karibu saa nzima. Akafungua mfuniko kwa kitambaa taratibu, akajaza maji kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka, huku anaminya hozi ya juu ili upepo utoke. Akachomoa dip stiki akanionyesha oili kwenye kidole chake: ya kahawia, safi. Akasema gasketi ikifa maji yakaingia kwenye oili inakuwa kama chai ya maziwa, hii sio. Akaenda nyuma akaangalia eksozi, hakuna moshi mweupe. Akachungulia kwenye mdomo wa rejeta, maji yametulia, hayatoi mapovu. "Nani alikwambia hedi?" Nikakaa kimya.

Halafu akaomba karatasi. Nilikuwa na daftari la hesabu za duka langu kwenye mkoba, nikachana ukurasa mmoja. Akaniambia washa AC ili feni izunguke, na kweli feni ikaanza kuvuma vizuri tu. Akaiweka ile karatasi mbele pale kwenye grili. Ikateleza ikaanguka chini. Akaiokota akaiweka tena, ikaanguka. Kulikuwa na Corolla nyingine kama yangu imeegeshwa pembeni, ya mtu wa vitunguu, akamwomba mwenyewe aiwashe, akaweka karatasi ileile: tap, ikanata, haikudondoka mpaka alipoibandua kwa mkono. Nakumbuka mpaka leo, ina mahesabu yangu ya sabuni na mchele imenata kwenye gari ya mtu.

"Feni yako inavuta lakini upepo haupiti," akasema. "Kuna kitu kimeziba katikati."

Akafungua boliti mbili za juu kwa spana namba kumi, akaivuta rejeta nyuma kidogo, akanipa tochi ya simu nimulikie kwenye nafasi kati ya kondensa ya AC, ile kama rejeta nyingine inayokaa mbele, na rejeta. Kwa mbele kondensa ilikuwa safi, na mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba, kwa nyuma nayo safi, lakini hapo katikati palikuwa na kitu kama mkeka: vumbi limeshikana na mbegu za majani, mabawa ya wadudu, vipande vya mfuko wa plastiki, vyote vimegandamana, vimeziba zaidi ya nusu. Alikuwa anaubandua kwa vidole unatoka vipandevipande kama ukoko wa wali. Ndipo nikakumbuka aliyeniuzia alisema alikuwa anaenda nayo shamba kila wikiendi. Miaka yote hiyo uchafu ulipenya kwa mbele ukanasa pale, na kila fundi alikuwa anasafisha ndani ya rejeta, nje hakuna aliyegusa.

Akamalizia kwa maji ya mpira, presha ndogo, kutokea upande wa injini kwenda mbele, akasema ukipiga kwa nguvu yale mapezi yanalala na hapo umeharibu kabisa. Akafunga. Akaweka karatasi. Ikanata.

Alitaka elfu 15. Nilimpa 30 akarudisha tano, akasema nimnunulie mama vitunguu. Akaniambia nikirudi Dar nirudishe themostati, injini inatakiwa ifike joto lake la kufanyia kazi, bila hiyo inakula mafuta bure, na niache maji ya bomba niweke kulanti, maji maalumu ya rejeta, kwa sababu maji matupu yanaleta kutu ndani.

Mlima Kitonga tulipanda saa kumi na moja jioni, AC nimezima, nyuma ya lori la mbao, gia ya pili mpaka ya kwanza. Mama kila kona anauliza, "Mshale?" Namjibu, "Upo palepale mama." Kona inayofuata anauliza tena. Tulivyotokeza juu upepo wa Ilula ukatupiga akaomba nipandishe vioo, akalala.

Asubuhi yake kwa marehemu mjomba nilitoka kabla watu hawajaamka, gari ya baridi ina umande, nikafungua mfuniko. Maji yalikuwa mdomoni kabisa. Nikamwita mama aje aone.