Usasaleo na Daftari la Fasili Kumi na Moja

Daftari langu la kwanza la somo la usasaleo, yaani fikra na sanaa zilizokuja baada ya usasa (kwa Kiingereza, postmodernism), lilianza na fasili kumi na moja, zote nimezinakili kwa mwandiko wa kupendeza na kuzipigia mistari, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kumweleza mtu bila kulifungua tena daftari lenyewe. Nilikuwa nimeanzia pabaya. Wasanifu majengo walilitumia neno hili kwa maana yao, wanafalsafa kwa yao na wahakiki wa fasihi kwa yao, na anayetaka kuzifunga maana zote hizo kwa kamba ya sentensi moja hubaki ameshika kamba tu.

Kilichonitoa gizani ni riwaya. Nilikuwa nimemzoea Euphrase Kezilahabi wa Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ambamo mhusika ana kwao, ana wazazi, na tendo moja huzaa jingine. Kisha nikaifungua Nagona, ya mwaka 1990. Kurasa za mwanzo nilizisoma mara tatu nikitafuta pa kushika, nikakosa: msimulizi yumo safarini, anakutana na viumbe ambao huwezi kuapa kwamba ni watu, anauliza maswali na kujibiwa kwa mafumbo, na wakati wenyewe hauendi mbele kwa utaratibu. Mara ya nne niliacha kujiuliza ni nini kitakachotokea, nikaanza kujiuliza ni nani aliyenifundisha kwamba lazima kitu kitokee. Tangu hapo kitabu hicho chembamba hakikunichosha tena, na Mzingile, iliyokifuata mwaka 1991, niliisoma bila kudai njia iliyonyooka.

Ni baada ya hapo ndipo nilipomwelewa mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu hali ya usasaleo kilianza kama ripoti juu ya maarifa, aliyoagizwa kuiandika na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, jambo ambalo bado hunichekesha kidogo kila nionapo kitabu hicho kikitajwa kwa sauti ya unyenyekevu. Hoja yake inayokumbukwa zaidi ni kwamba tumepoteza imani katika masimulizi makuu, yaani zile hadithi kubwa zinazotuahidi kwamba historia inaelekea kwenye ukombozi au kwamba akili itaondoa giza lote. Alichokieleza Lyotard kwa hoja, Kezilahabi alikuwa amekwisha kunionyesha kwa umbo. Hata hivyo, si kila simulizi lililovunjwavunjwa ni la usasaleo. Wanausasa, yaani waandishi wa mkondo uliotangulia usasaleo, waliivunja hadithi mapema zaidi, ila wengi wao walivililia vipande, ilhali mwanausasaleo huweza kuvichezea.

Kuhusu vyombo vya habari, kila mwanafunzi hukutana na mwanafikra Mfaransa Jean Baudrillard na makala zake za mwaka 1991, ambamo alidai kwamba Vita vya Ghuba havikutokea. Wapo wanaoishia kwenye dai hilo na kumcheka. Hakukana kwamba watu walikufa. Alikuwa akisema kwamba kilichowafikia watazamaji kilikuwa vita vya kwenye skrini, vilivyopangwa na kupambwa kiasi kwamba picha ilichukua nafasi ya tukio. Nilitaka kulijaribu wazo hilo kwa mkono wangu, nikachukua klipu ya sekunde kumi na tano ya mwanasiasa akihutubia, iliyokuwa ikisambaa mitandaoni, nikaitazama nikiisimamisha kila inapokatwa. Nilihesabu mikato saba. Kicheko cha umati kilikuwa kimebandikwa kutoka kwingine, kwa sababu kilikatika ghafla kabla ya midomo ya waliokaa mbele kufumba. Nilipoitafuta hotuba nzima, nilikuta wasikilizaji wametulia tuli. Wiki chache baadaye mwanasiasa yuleyule alisimama mahali pengine akairudia kauli yake kwa mkato wa klipu, akanyamaza pale penye kicheko, na safari hii watu wakacheka kwelikweli. Nakala ilikuwa imemfundisha mwenye asili.

Utamaduni wa umma nitaupitia haraka, kwa kuwa mifano yake imechakaa kwa kutajwa: msanii Mmarekani Andy Warhol na picha zake 32 za makopo ya supu za mwaka 1962, kisha mhakiki Mmarekani Fredric Jameson akilalamika kwamba uigaji wa zama hizi ni parodia, yaani mwigo wa kukejeli, iliyong'olewa meno. Jameson nampenda kwa kuwa alikataa kuutazama usasaleo kama mtindo tu, akautafutia mzizi katika ubepari wa wakati wake.

Panaponisumbua hadi leo ni kwenye siasa. Tulijifunza kuuliza kila ukweli unasemwa na nani na kwa manufaa ya nani, tukaona tumepata silaha dhidi ya wenye nguvu. Mwaka 2004 Bruno Latour, Mfaransa aliyechunguza jinsi sayansi inavyofanyika, aliandika kwa wasiwasi kwamba silaha hiyohiyo imeokotwa na wanaotaka kutia shaka ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi. Niliposoma makala hiyo nilirudi kwenye daftari, nikakuta kwamba fasili nne kati ya zile kumi na moja zingeweza kusomwa kwa sauti na msemaji yeyote wa serikali anayekanusha picha iliyopigwa mchana kweupe. Nimeziwekea alama ya kuuliza pembeni, lakini sijazifuta, kwa sababu klipu ile ya sekunde kumi na tano nisingeweza kuisoma bila hizo.