Benchi limerudi: kilo 90 mara tano, mwili pungufu kwa kilo 27

Leo asubuhi, nikiwa nimelala chali kwenye benchi, nimesukuma chuma cha kilo 90 kutoka kifuani mara tano. Ni uzito uleule niliousukuma siku ya kwanza ya mradi huu wa kupunguza mwili, miezi 11 iliyopita, nikiwa na kilo 124. Sasa nina 97 (wastani wa siku saba, namba ya siku moja siiamini, maji peke yake yanaweza kuipandisha kilo mbili). Naandika kabla furaha haijapoa, maana hili benchi limenitesa miezi sita.

Skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) haina habari. 120 mara tano mwanzoni, 120 mara tano sasa. Kuvuta kutoka sakafuni kumepanda kidogo, nadhani kwa kuwa kitambi hakinizuii tena kuinama. Lakini benchi! Tangu mwezi wa tano wa mradi: 90, 87.5, 85, kila nikirudi kitu kimemeguka, hadi nikajikuta natetemeka chini ya 77.5 kama mgeni wa vyuma.

Maswali mtakayoniuliza nimeshajiuliza. Protini ni gramu 170 kwa siku, kama 1.75 kwa kila kilo ya mwili. Napungua zaidi kidogo ya nusu kilo kwa wiki, si kasi ya kutafuna misuli. Usingizi upo. Nikaongeza seti (mizunguko ya marudio) kutoka tano hadi nane, nikidhani kifua kimesahau kazi. Ujinga mtupu. Mwili unaokula pungufu ungelipia seti nane kwa kitu gani? Bega la kushoto likaanza kulalamika na kilo zikazidi kushuka.

Jibu nimelipata nikifuta video za zamani ili simu ipate nafasi. Kuna kitu kilikuwa hakifanani, nikakaa kukipima. Pleti kubwa ya kawaida, ile sahani ya uzito ya pembeni mwa chuma, ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo ukipiga picha kwa ubavu tayari una rula kwenye kioo cha simu. Siku ya kwanza chuma kilisafiri sentimita 36 kutoka mikono iliyonyooka hadi kifuani. Mwezi wa nane: 41. Nyama ya kifuani na mgongoni imeyeyuka, mikono haijafupika hata kidogo. Safari imeongezeka sentimita tano, na zote ziko chini kabisa, palepale ninapokwama.

Nikazidisha. 90 kwa 36 ni 3240. 77.5 kwa 41 ni 3177 na nusu. Karibu sawa! Najua, chuma hakikwami kwa jumla ya kazi, hukwama sehemu moja, kwa hiyo hesabu hiyo si ushahidi wa chochote. Hata hivyo nilicheka peke yangu pale sakafuni. Miezi yote hiyo nililia kwamba nimekuwa dhaifu, kumbe nilikuwa nasukuma benchi jingine.

Dawa yenyewe ni fupi. Nilikuwa naweka kidole kidogo kwenye zile alama za chuma zilizoachana sentimita 81. Sasa naweka cha kati, mikono inaachana zaidi. Mabega nayabana nyuma kabla sijakitoa chuma kwenye stendi, kazi ambayo zamani mafuta ya mgongo yalinifanyia bure. Safari imerudi sentimita 38. Seti zimeshuka hadi tatu, ila siku tatu kwa wiki, nzito kama zilivyokuwa, na kila rudio natulia sekunde moja kifuani. Nimepanda nusu kilo nusu kilo kwa vile vipleti vidogo ambavyo watu huvicheka. Wacheke.

Nikiwa kwenye vifaa: mizani inayodai kupima mafuta kwa kupitisha umeme miguuni ni pambo. Ukinywa maji inakupa jibu jingine. Utepe wa fundi nguo unanitosha, na mkanda wa kiunoni wa kunyanyulia vyuma. Kwa mkanda, anayepungua asinunue wa kufunga kwa klipu, kila baada ya wiki chache utatafuta bisibisi uusogeze. Wa matundu hauna shida. Mimi nimeshapita matundu matano na la sita nimelitoboa mwenyewe kwa msumari, limekaa upande.

Mpango ulikuwa kwamba benchi likirudi, nipumzike wiki mbili nikila kiasi cha kutopungua wala kuongezeka, kisha niendelee kupungua hadi mwili ufike kilo 90. Sidhani kama nitaufuata wiki hii. Nilipoanza sikuweza kujivuta kwenye bomba hata mara moja. Sasa najivuta mara nne, na baada ya benchi leo nikapata wazo la kufunga kilo 2.5 kiunoni. Mara ya kwanza nimepanda. Ya pili kidevu kimeishia vidole viwili chini ya bomba. Kesho ni siku ya mapumziko, nami nimeshaitafuta kamba imara zaidi.